Mafuta ya Akiba kwenye Safari Ndefu ya Pikipiki: Kukadiria, Kubeba na Kumimina

Ukitoka Mbeya kwa pikipiki kwenda Singida kwa njia ya ndani, lami inakufikisha Chunya, kilomita 72, kisha kilomita 39 nyingine hadi Makongolosi. Kuanzia hapo una kipande cha kilomita 413 kinachopita Rungwa na Itigi mpaka Mkiwa, unapoikuta barabara kuu ya Manyoni na Singida. Ujenzi wa lami unakwenda vipande vipande, lakini sehemu kubwa ni udongo, mchanga na pori. Vijiji vipo, na mafuta ya kupima kwenye chupa siku nyingine yapo, siku nyingine yamekwisha jana yake. Pikipiki nyingi tunazoendesha zina tangi la lita 10 hadi 13. Kwa njia ya namna hii dumu la akiba lina kazi ya kweli.

Wasafiri wengi wanalijua hilo, ila wanazidisha. Wanafunga dumu la lita 20 nyuma tangu nyumbani, wanapita nalo miji yenye sheli kila upande, na wanarudi nalo likiwa nusu. Petroli iliyo nje ya tangi ni mzigo unaoweza kukuunguza kila dakika unayokuwa nayo. Msimamo wa mwongozo huu ni huu: beba kiasi ambacho hesabu imekuonyesha, kijaze kwenye kituo cha mwisho kabla ya kipande kigumu, na kimimine kwenye tangi mara tu tangi litakapokuwa na nafasi. Yote yanayofuata yanatokana na hilo.

Pima pikipiki yako inakula kiasi gani

Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya dukani haikusaidii, na ya rafiki yako mwenye pikipiki kama yako haikusaidii sana pia. Pima mwenyewe.

Jaza tangi hadi alama unayoweza kuitambua tena, kwa mfano ukingo wa chini wa shingo ya tangi, pikipiki ikiwa wima kwenye stendi ya katikati. Ikiegemea stendi ya pembeni, tangi moja laweza kupokea nusu lita zaidi au pungufu, na hesabu yote inaharibika. Andika kilomita. Kama spidomita imekufa, na pikipiki nyingi za kazi zimekufa spidomita, tumia ramani ya simu kurekodi umbali. Endesha angalau kilomita 100, rudi kwenye pampu ileile, jaza hadi alama ileile, kisha gawa kilomita kwa lita zilizoingia.

Fanya hivyo mara mbili: mara moja kwenye lami ukiwa huna mzigo, mara ya pili kwenye vumbi ukiwa umefunga mizigo yote ya safari. Tofauti itakushangaza. Pikipiki ya cc 150 inayokwenda kilomita 45 kwa lita kwenye lami inaweza kushuka hadi 30 ikiwa na mizigo kwenye mchanga, kwa sababu unatumia gia ndogo muda mrefu, tairi linazama na injini inazunguka sana kwa umbali mdogo. Namba ya kutumia kwenye hesabu ya akiba ni hiyo ya pili, ile mbaya.

Usisahau upepo. Mfano mzuri ni kaskazini mwa Kenya. Kutoka Laisamis, kwenye barabara kuu ya Isiolo na Marsabit, hadi kwenye mitambo ya umeme wa upepo ya Ziwa Turkana, ni kilomita 208 za barabara isiyo na lami, na ukitaka kufika Loiyangalani ufukweni bado unaendelea mbele. Ile mitambo 365 imesimamishwa pale kwa sababu upepo wa kusini-mashariki unapita kwa nguvu karibu mwaka mzima. Ukielekea ziwani unakusukuma mgongoni. Ukirudi Laisamis unakupiga kifuani, na masanduku ya pembeni yanaushika vizuri kuliko unavyodhani. Anayepima matumizi wakati wa kwenda, akachukua namba hiyo kwa safari ya kurudi, ataishiwa katikati. Kwenye upepo wa mbele dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo: kutoka 80 hadi 60 kwa saa utaokoa mafuta mengi kuliko utakayookoa kwa ujanja mwingine wowote.

Hesabu yenyewe

Gawa umbali wa kipande kwa kilomita unazokwenda kwa lita kwenye barabara mbovu. Ongeza robo. Toa lita ambazo tangi lako linaweza kuzitumia kweli. Kinachobaki ndicho cha kubeba.

Chukua kilomita 413 za Makongolosi hadi Mkiwa kwa pikipiki ya cc 150, tangi la lita 11, kilomita 30 kwa lita. Unapata lita 13.8. Ukiongeza robo, lita 17.2. Tangi la lita 11 halikupi 11 zote, kwa kuwa kiasi fulani hubaki chini na pembeni, hesabu 10.5. Unabaki na lita 6.7, yaani beba 7. Si 20.

Pikipiki kubwa ya safari inayokwenda kilomita 18 kwa lita yenye tangi la lita 24 inahitaji lita 28.7 pamoja na robo. Ukitoa 23 za tangi, akiba yake ni kama lita 6. Angalia jinsi pikipiki mbili tofauti kabisa zinavyokutana karibu na kiasi kilekile. Kwa njia nyingi za Afrika Mashariki utakuta akiba ya kweli iko kati ya lita 3 na 10. Ukiona hesabu inakupa zaidi ya 10, kagua upya ramani. Huenda kuna mji uliousahau, au njia nyingine iliyo fupi.

Ile robo ni ya nini? Kwenye mfano wetu ni kama kilomita 103, inayotosha kupotea kilomita 50 na kurudi ulipopotelea. Haitoshi kama mto umekata barabara karibu na mwisho na inakubidi urudi ulikotoka. Kwa hiyo kati ya Novemba na Aprili, mvua zinaponyesha ukanda ule, zungumza na madereva wa mabasi na malori kabla hujaondoka Makongolosi. Wao walipita jana, na wanajua korongo lipi limejaa.

Mafuta ya chupa ya kijijini usiyaweke kwenye hesabu. Ukiyakuta, vizuri. Na mkiwa kundi, hesabu inafuata pikipiki yenye tangi dogo kuliko zote, na akiba igawanywe kwenye pikipiki mbili au zaidi, ili moja ikianguka au ikibaki nyuma msipoteze yote.

Chombo

Hapa usibane pesa. Chombo kibaya ndicho kinachogeuza safari kuwa msiba.

Kwa pikipiki, vidumu viwili vidogo vya lita 3 hadi 5 vilivyotengenezwa kwa petroli ni bora kuliko kimoja kikubwa. Unakifunga kimoja kila upande, uzito unalingana. Kimoja kikivuja hujapoteza vyote. Na kila kimoja unakimimina chote kwa mara moja, hivyo hubaki na dumu nusu linalochezacheza. Petroli inachezacheza kwa nguvu ndani ya chombo kisichojaa, na kwenye barabara ya mawimbi hilo linalegeza mikanda haraka.

Tafuta alama zilizogongwa mwilini mwa chombo. Chombo cha plastiki kilichopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huandikwa UN na 3H1. Cha chuma huandikwa 3A1. Kisha hufuata herufi X au Y. Herufi Z pekee haitoshi kwa petroli. Petroli yenyewe namba yake ni 1203, ileile unayoiona kwenye kibao cha rangi ya chungwa cha malori ya mafuta yanayokwenda Zambia na Kongo. Plastiki hugongwa pia mwaka wa kutengenezwa, na kanuni za usafirishaji huipa miaka 5. Baada ya hapo inakauka na kupata nyufa nyembamba, hasa kama imeishi juani. Ipe kazi nyingine, si ya petroli.

Dumu la njano la mafuta ya kula ndilo linalopatikana kila soko, na ndilo ninaloomba uliache. Ukuta wake ni mwembamba, kifuniko chake hakikutengenezwa kuzuia mvuke, na mpira wa ndani ya kifuniko hulainika ukikaa na petroli. Likipigwa jua linavimba, likitikiswa kwa saa tatu linaanza kulia jasho shingoni. Chupa ya maji ni mbaya zaidi kwa sababu nyingine: kuna siku mtu mwenye kiu, au mtoto wa mwenyeji wako, ataiinua na kunywa. Hata chombo sahihi kiandike neno PETROLI kwa herufi kubwa pande zote.

Jerikani la chuma la lita 20 tunalolifahamu lilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya jeshi, na kila sehemu yake ina sababu. Mishikio mitatu inamwezesha mtu mmoja kubeba mawili matupu kwa mkono mmoja, au watu wawili kushirikiana kubeba lililojaa. Kifuniko kinabanwa kwa mkono wa chuma, hakizungushwi. Na ule mgongo uliovimba karibu na mdomo unabaki na hewa hata likiwa limejaa, ili petroli ipate pa kutanukia. Waingereza waliingia vita vya jangwa la Afrika Kaskazini na makopo ya bati jembamba ya galoni nne, ndugu wa debe tunalopimia mahindi, wakapoteza sehemu kubwa ya mafuta njiani kwa kuvuja kwenye viungo, hadi wakaamua kuiga la Wajerumani. Ni chombo bora kabisa kwa gari. Kwa pikipiki, lita 20 za petroli ni kilo 15, na jerikani lenyewe lina kilo 4 hivi. Ni uzito mkubwa mno kuukalisha nyuma. Matoleo ya lita 5 ya umbo hilohilo yapo na yanafaa sana.

Wapo wanaotumia vidumu bapa vya plastiki nene vinavyofungwa kwa kufuli maalumu ubavuni, kama RotopaX ya galoni moja ya Marekani, lita 3.8. Ni vizuri, ni ghali, na kwetu kuvipata kunahitaji kuagiza. Mifuko laini ya mafuta ina sifa moja kubwa: ikiisha unaikunja. Lakini inachubuka ikigusana na chuma, na miiba ya migunga haina huruma nayo. Chupa za aluminiamu za majiko ya safari, ile kubwa ya kampuni ya MSR ina mililita 887, zinafaa kama akiba ya mwisho kabisa ya kukusogeza kilomita 25 hivi.

Chombo chochote, kijaribu nyumbani kwanza. Tia maji, funga, kilaze ubavu usiku kucha juu ya karatasi kavu, kisha kikande kwa mguu asubuhi. Pete ya mpira ya kuziba (washa) kwenye kifuniko ikiwa imepasuka au imekuwa ngumu, ibadilishe, na beba nyingine moja ya akiba. Kausha vizuri kabla ya kutia petroli. Maji kwenye kabureta ni adui wa saa kumi za jioni porini.

Kujaza kituoni

Safiri na vidumu vitupu hadi kituo cha mwisho chenye pampu. Kwenye njia yetu, jaza Chunya au Makongolosi; usijaze Mbeya. Ukielekea Loiyangalani, jaza Isiolo ukitokea kusini au Marsabit ukitokea kaskazini.

Mhudumu wa pampu anaweza kukataa kujaza dumu, na mara nyingi ana sababu. Usibishane. Mwonyeshe chombo chako kilivyo na alama, mweleze unakokwenda, omba kuzungumza na msimamizi. Kwa chombo cha chuma au plastiki maalumu mambo huwa mepesi kuliko ukifika na dumu la kupikia.

Ondoa kidumu kwenye pikipiki na ukiweke chini, kwenye zege au ardhi. Hili si la hiari. Petroli inapotiririka hujenga umeme tuli, na kidumu cha plastiki kilicho juu ya keria hakina njia ya kuupeleka ardhini. Cheche moja ndogo mdomoni mwa chombo inatosha. Mdomo wa bomba la pampu uguse mdomo wa kidumu muda wote, na mwendo wa kujaza uwe wa taratibu. Injini imezimwa, abiria ameshuka na kusogea, hakuna sigara.

Usijaze hadi juu. Petroli hutanuka karibu sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi ya joto inayoongezeka, kwa hiyo lita 5 ulizojaza asubuhi ya baridi Chunya zitaongezeka zaidi ya mililita 100 mchana juani, na juu ya hapo kuna mvuke unaosukuma. Acha sehemu moja kwa kumi tupu. Kupanda mlima nako huongeza msukumo: aliyefunga kidumu Dar es Salaam akakifungua Mbeya, kama mita 1,700 juu ya bahari, atasikia kikipumua kwa nguvu.

Ukimaliza, futa mdomo na shingo, funga, pindua kidumu juu chini kwa nusu dakika. Kikitoa hata tone moja, hakiendi.

Mahali pa kukifunga

Uzito uwe chini na karibu na katikati ya pikipiki. Mahali pazuri ni ubavuni, kwenye fremu ya masanduku, mbele ya ekseli ya gurudumu la nyuma au sambamba nayo. Kidumu kilichofungwa juu, nyuma kabisa ya keria, kinainua gurudumu la mbele, na kwenye mchanga usukani unaanza kuyumba mikononi.

Kaa mbali na ekzosi. Bomba la moshi karibu na injini hupita nyuzi 300, na petroli inaweza kuwaka yenyewe bila cheche ikigusa chuma chenye joto la namna hiyo. Kwenye pikipiki nyingi ekzosi iko upande wa kulia, kwa hiyo kidumu cha kulia kikae nyuma na juu zaidi ya kile cha kushoto, au weka bati la kukinga lenye nafasi ya hewa katikati. Gusa kidumu kwa mkono baada ya nusu saa ya mwendo. Kikiwa cha moto upande mmoja, kihamishe.

Kuna mahali ambapo petroli haikai kabisa: kwenye begi la mgongoni, kwenye usukani, na mapajani au kati ya miguu ya abiria. Kwenye pikipiki iliyobeba akiba, abiria akibidi awepo, vidumu viwe ubavuni na vimefungwa kwa fremu, na yeye asikalie wala kukanyaga chochote.

Kwa kufunga, tumia mikanda ya nailoni yenye bizimu ya kukaza, miwili kwa kila kidumu, inayopita njia tofauti. Mipira ya tyubu tunayoipenda wote ni mizuri kama ya ziada, lakini isiwe ndiyo inayotegemewa: inavutika kwenye kila shimo, inalegea juani, na ikikatika inakatika ghafla. Kati ya kidumu na chuma weka kipande cha tairi kuukuu. Chuma na plastiki vikisuguana siku nzima, tundu litatokea mahali usipoweza kuliona. Simama baada ya kilomita 10 za kwanza, kaza upya, kisha kagua kila unaposimama. Pua ni kipimo kizuri. Harufu ya petroli ukiwa unaendesha ina maana unasimama sasa hivi.

Kumimina

Usisubiri pikipiki ikatike. Tangi likipungua kwa kiasi cha kidumu kimoja, mimina kidumu hicho. Ukiwa na vidumu viwili vya lita 3.5, cha kwanza kinaingia baada ya kilomita 105 hivi kwa matumizi ya kilomita 30 kwa lita. Weka lita moja ya tahadhari, simama kwenye 135. Cha pili kinafuata kwa hesabu hiyohiyo. Kwa njia hiyo sehemu kubwa ya nusu ya pili ya safari unaimaliza na vidumu vitupu, uzito umeshuka, na petroli yako yote iko kwenye tangi.

Kwa pikipiki za injekta kuna sababu ya ziada. Pampu ya mafuta iko ndani ya tangi na hupozwa na petroli iliyoizunguka. Kuikausha mara kwa mara kunaifupishia maisha, na ikifa porini hakuna wa kuitengeneza. Mwenye kabureta ana riziva ya kumwonya, lakini koki ya mafuta ikiwa ya zamani huenda riziva inavuta uchafu wa chini ya tangi. Ijaribu ukiwa mjini.

Chagua mahali kwa uangalifu. Njia ya Rungwa inapita kwenye pori la akiba, na huko kuna tembo, simba na mbung'o. Mbung'o hufuata chombo kinachotembea. Ukisimama tu wamekuzunguka, na mtu anayepiga makofi shingoni kwake akiwa ameshika kidumu kilicho wazi atamwaga. Mimina kabla ya kuingia porini au kijijini baada ya kutoka. Tafuta kivuli chenye upepo, mbali na jiko la mama ntilie, mbali na mtu anayevuta sigara, mbali na bondeni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji, unajikusanya mahali pa chini, na ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa unaweza kuwaka. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, na Sachangwan nchini Kenya tarehe 31 Januari 2009, watu zaidi ya mia moja walikufa kila mahali kwa moto wa petroli iliyomwagika kwenye lori, wengi wao wakiwa wamesimama ndani ya mvuke ule. Kidumu chako ni kidogo, ila mvuke wake una tabia ileile.

Zima injini na uiache ipoe dakika 10, uwe umekunywa maji kwa muda huo. Simamisha pikipiki wima. Gusa chuma cha fremu kwa mkono mtupu kabla ya kugusa vifuniko. Fungua kidumu polepole, ukikielekeza kando ya uso, mpaka mlio wa mvuke uishe. Ndipo ukifungue kabisa. Tumia mdomo wa kumiminia wa chombo au faneli yenye chujio, ikigusana na shingo ya tangi. Kilichomwagikia tangi kifute kwa kitambaa na usubiri kikauke kabla ya kuwasha. Nguo ikilowa petroli, ivue na uoshe ngozi kwa sabuni. Usiendelee na safari ukiwa umeivaa.

Usivute petroli kwa mdomo kwa mpira. Najua inafanyika kila kijiwe. Hatari yake kubwa si tumbo, ni mapafu: tone dogo likiingia njia ya hewa husababisha uvimbe wa mapafu unaoweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu kutapika kunairudisha petroli koromeoni na kuipa nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Hospitali, na haraka. Mpira wenye pampu ya kubonyeza kwa mkono haugharimu pesa nyingi na unakaa mfukoni.

Mafuta ya chupa ya njiani

Utayahitaji siku moja, na wauzaji wake wanawaokoa wengi. Bei itakuwa juu ya ile bei kikomo ambayo EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa muuzaji aliyeyabeba mwenyewe hadi kijijini, hilo linaeleweka. Tatizo ni uchakachuaji. Mafuta ya sheli za Tanzania yamekuwa yakiwekwa vinasaba, yaani alama ya kemikali, tangu 2010 ili kugundua yaliyochanganywa, lakini chupa ya kando ya barabara haina mkaguzi isipokuwa wewe.

Iinue chupa ielekee mwanga, iache itulie dakika chache. Maji, kama yamo, yatakaa chini na utauona mstari. Kisha dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe kavu. Petroli safi hupaa haraka na kuacha karatasi kavu. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Ukiwa huna jinsi, nunua kidogo cha kukufikisha sheli inayofuata, mimina kupitia chujio, na endesha taratibu bila kuibana injini. Ikianza kugonga ukipanda mlima, punguza gia na mwendo.

Usiku, kivuko na moto

Kidumu hakilali chumbani gesti wala ndani ya hema. Mwambie mhudumu ukweli kwamba una petroli, omba mahali nje penye kivuli panapofungwa. Ukipika kambini, jiko liwe mbali na pikipiki, mahali ambapo upepo hautoki kwenye jiko kwenda kwenye pikipiki. Kabla ya kupanda kivuko au meli, mimina vyote kwenye tangi. Pikipiki ikiharibika ukaamua kupanda basi, petroli usiingie nayo.

Kidumu kitupu usikidharau. Kimejaa mvuke badala ya mafuta, na mvuke ndio unaowaka. Kifunge kama kilichojaa na kiweke mbali na moto vilevile.

Beba kizimamoto cha unga cha kilo 1 mahali unapokifikia bila kufungua mizigo. Moto wa petroli haumwagiwi maji, maana unaelea na kusambaa. Unga, mchanga au blanketi zito. Moto ukiwa umeshika kidumu chenyewe, iache pikipiki na uwaondoe watu wote waende mbali. Hati, simu na pesa viwe mwilini mwako, visiwe sandukuni, kwa ajili ya saa hiyo.

Ukifika Mkiwa, au Laisamis, mimina chochote kilichobaki kwenye tangi kabla ya kujaza sheli inayofuata. Nyumbani, viache vidumu wazi nje kivulini kwa siku nzima, mbali na jiko na watoto, kisha kagua washa za mpira, andika tarehe kwa kalamu kwenye kila kimoja, na vifunge vikiwa vikavu.